Kituo Kimoja Hakikai Wawili: Historia ya Kutolewa kwa Lazima katika Softiboli



Leo tunaiacha kandanda ipumzike kidogo. Baadhi ya familia za hapa Gisenyi zina vijana wanaosoma Kampala na Dar es Salaam, na vijana hao wakirudi likizo huja na michezo ambayo sisi tuliowazaa hatukukua nayo. Mmoja wapo ni softiboli, ndugu wa besiboli: mpira wake ni mkubwa zaidi, mzingo wake kama sentimita 30, hurushwa kwa mkono wa chini, na uwanja wake ni mdogo, kwa hiyo hata ua wa shule unatosha. Swali linalotufikia ni moja, nalo huulizwa kwa hasira. Kwa nini mara nyingine mlinzi anakanyaga tu kituo huku ameshika mpira, na mwamuzi anasema mkimbiaji ametoka, bila hata kuguswa? Na dakika mbili baadaye mlinzi yule yule anakanyaga kituo vile vile, na mwamuzi anatandaza mikono, anasema mkimbiaji yu salama? Mtoto anaona ameonewa, na baba yake hana la kumwambia.

Jibu lipo, na lina umri wa zaidi ya miaka 170. Tumeona tulieleze kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna kisa cha kijana mmoja wa miaka 19 aliyebebeshwa lawama maisha yake yote kwa ajili ya hatua chache ambazo hakuzimaliza.

KANUNI YENYEWE

Uwanja una vituo vinne: cha kwanza, cha pili, cha tatu, na nyumbani, pale anaposimama mpigaji. Anayezunguka vyote na kurudi nyumbani ameipatia timu yake pointi. Timu inayopiga huendelea mpaka watu wake watatu watolewe, kisha zamu inahamia kwa wenzao. Msingi wa kila kitu ni huu: kituo kimoja hakikai wakimbiaji wawili.

Sasa mpigaji akiupiga mpira ukaviringika ardhini, hana hiari, ni lazima akimbilie kituo cha kwanza. Kama pale kwanza tayari amesimama mwenzake, huyo mwenzake amepoteza haki ya kubaki. Anasukumwa na anayekuja nyuma. Na kama cha pili nako kuna mtu, naye anasukumwa. Hiyo ndiyo lazima. Na kwa kuwa kila mtu uwanjani anajua mkimbiaji huyu hana pa kwenda isipokuwa mbele, mlinzi hahitaji kumkimbiza. Anashika mpira, anakanyaga kituo ambacho mkimbiaji analazimika kukifikia, na kazi imekwisha.

Anayepita Petite Barrière asubuhi anaijua kanuni hii bila kufundishwa. Mama mwenye beseni la nyanya kichwani, akishaonyesha karatasi yake na kuruhusiwa, hawezi kusema nitapumzika hapa hapa. Aliye nyuma yake ameshaitwa, na nyuma ya huyo kuna foleni ya mpaka ambao kwa miaka mingi umehesabiwa miongoni mwa mipaka inayovukwa na watu wengi zaidi kwa miguu barani Afrika. Atake asitake, anasogea. Lakini siku ambayo nyuma yake hakuna mtu, anaweza kusimama, akaupanga mzigo wake vizuri, akatazama upande wa Goma kama ni shwari, akaamua mwenyewe aende au angoje. Mkimbiaji aliye peke yake kwenye kituo cha pili, na cha kwanza ni kitupu, yuko katika hali hiyo ya pili. Hakuna anayemsukuma. Akienda ni kwa hiari yake, na anayetaka kumtoa sharti amguse kwa mpira mwilini.

Hapo ndipo penye siri ya swali la watoto. Usimtazame mkimbiaji, tazama nyuma yake. Kama vituo vyote vya nyuma yake vina watu mpaka kwa mpigaji, yuko chini ya lazima. Pakiwa na pengo hata moja, hayuko. Wakimbiaji wakiwa kituo cha kwanza na cha tatu, yule wa kwanza analazimika, yule wa tatu yuko huru.

Kuna mambo mawili yanayowachanganya hata watu wazima. La kwanza: lazima inaweza kuondoka katikati ya mchezo. Mlinzi akimtoa kwanza mpigaji pale kituo cha kwanza, basi hakuna tena anayesukuma kutoka nyuma, na mkimbiaji wa mbele amekuwa huru papo hapo. Sasa ni lazima aguswe. Walinzi wengi hulisahau hilo, wanakanyaga kituo cha pili na kuanza kushangilia bure. La pili: mpira ukidakwa hewani kabla haujagusa ardhi, mpigaji ametoka, kwa hiyo hakuna lazima hata kidogo. Wakimbiaji wanatakiwa kurudi kwenye vituo walivyotoka, na aliyekwenda mbali anaweza kutolewa kwa mpira kufika kituoni kabla yake. Kwa macho inafanana na kutolewa kwa lazima, lakini katika hesabu ya pointi ni kitu kingine kabisa.

Kwa sababu kuna kifungu kingine, na ndicho kitakachotupeleka kwenye kisa chetu: mtu wa tatu akitolewa kwa lazima, pointi iliyopatikana katika mpigo huo huo haihesabiwi, hata kama aliyekuwa kituo cha tatu ameshafika nyumbani na kukaa kwenye benchi akinywa maji.

ZAMANI MTU ALIPIGWA MPIRA

Watoto wa Tanzania hucheza rede. Wawili wanasimama huku na huku, wanarushiana mpira, na walio katikati wanaukwepa, aliyepigwa ametoka. Kenya wana kati, ambayo ni ya jamaa hiyo hiyo. Kumbe michezo ya zamani ya Uingereza na Marekani ambayo besiboli ilitokana nayo ilikuwa na jambo hilo hilo: mkimbiaji akiwa katikati ya vituo, mlinzi alimlenga kwa mpira na kumtwanga mgongoni. Ndiyo maana mpira wenyewe ulikuwa laini na mwepesi, na haukwenda mbali.

Mwaka 1845, Septemba 23, klabu moja ya New York iitwayo Knickerbocker iliandika kanuni zake. Walikuwa makarani, wafanyabiashara na watu wa benki waliotaka mazoezi ya jioni, na walivuka mto kwenda kuchezea Hoboken, katika viwanja vya Elysian Fields. Kanuni zao zilikuwa 20 tu na fupi. Mojawapo ilisema kwamba mkimbiaji ametoka ikiwa mpira uko mikononi mwa mpinzani aliyeko kwenye kituo, au akiguswa nao kabla hajakifikia kituo chake. Kisha ikaongeza kwamba kwa hali yoyote ile mpira usirushwe kumpiga mtu.

Sisi tunaona hapa ndipo mchezo ulipozaliwa upya. Waliyafanya mambo mawili kwa sentensi moja. Waliuokoa mwili wa mkimbiaji, na badala yake wakaweka mahali. Usimpige, mtangulie. Na matokeo yake yalikuja ambayo pengine wenyewe hawakuyatarajia: maadamu mpira haumpigi mtu tena, uliweza kufanywa mgumu, na mpira mgumu unaruka mbali, na uwanja ukapanuka mpaka umbali wa kituo hadi kituo katika besiboli ukawa futi 90, yaani mita 27 na ushei. Softiboli baadaye iliupunguza, ikawa futi 60 kwa mchezo wa kasi, kama mita 18.

Haikuchukua muda wajanja wakaitafutia kanuni hii mlango wa nyuma. Wakimbiaji wakiwa kituo cha kwanza na cha pili, mpigaji anapiga mpira mfupi unaopanda juu. Wakimbiaji wanangoja, kwa sababu ukidakwa watatakiwa kurudi. Mlinzi anasimama chini yake kwa utulivu kabisa, kisha anauachia makusudi udondoke. Kwa kuwa haukudakwa, lazima imerudi, na wakimbiaji maskini bado wamesimama walipokuwa. Anaokota, anarusha, wawili wametolewa kwa mpigo mmoja. Uhodari wa namna hiyo ni ulaghai tu, na waandishi wa kanuni waliuona hivyo. Katika miaka ya 1890 wakaweka kifungu kwamba katika hali hiyo mwamuzi atangaze mpigaji ametoka mpira ukiwa bado hewani, na mtego ukafa. Softiboli imekirithi kifungu hicho mpaka leo.

MCHEZO ULIOANZIA NDANI YA NYUMBA

Softiboli yenyewe ilianza kwa mzaha. Mwaka 1887, siku ya sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, vijana walikusanyika katika klabu ya mashua ya Farragut, Chicago, wakingojea matokeo ya mechi ya vyuo vya Yale na Harvard. Habari zilipofika, mmoja akamrushia mwenziwe glavu ya ndondi, naye akaipiga kwa fimbo. George Hancock akaifunga glavu ile ikawa kama mpira, akachora vituo sakafuni kwa chaki, wakacheza humo humo ndani. Baadaye, mwaka 1895, Lewis Rober, ofisa wa zimamoto wa Minneapolis, aliutumia mchezo wa aina hiyo kuwapa askari wake mazoezi wakati wanangoja kengele ya moto. Jina la softiboli lilipendekezwa na Walter Hakanson mwaka 1926.

Watu waliocheza ndani ya ukumbi au ua wa zimamoto hawakuwa na nafasi ya kukimbizana mbali, kwa hiyo kanuni ya lazima ikawa na uzito zaidi kwao kuliko kwa ndugu zao wa besiboli. Tena katika softiboli mkimbiaji haruhusiwi kuondoka kituoni kabla mpira haujarushwa, hawezi kuiba hatua tatu nne mbele. Anaanza amesimama kituoni, na vituo viko karibu. Mpira ukiviringika kwa mlinzi, mashindano ni ya nukta chache.

KIJANA WA MIAKA 19

Turudi kidogo kwenye besiboli, kwani kisa cha kutolewa kwa lazima kilichojulikana kuliko vyote kilitokea huko, New York, Septemba 23, 1908. Angalia tarehe: miaka 63 kamili tangu Knickerbocker waandike kanuni zao.

Timu ya Giants ya New York ilikuwa inapambana na Cubs ya Chicago kwenye uwanja wa Polo Grounds, na msimu ulikuwa ukingoni huku timu hizo mbili na Pirates ya Pittsburgh zikikimbizana kwa tofauti ndogo sana. Mchezaji wa kawaida wa Giants wa kituo cha kwanza aliamka na maumivu ya mgongo. Wakamwingiza Fred Merkle, kijana aliyezaliwa Desemba 1888, ambaye msimu ule wote hakuwahi kuanza mechi hata moja.

Zamu ya tisa na ya mwisho, pointi ni 1 kwa 1. Giants wanapiga. Wawili wao wameshatoka, na yule wa pili, Devlin, alitolewa kwa lazima pale kituo cha pili, jambo la kawaida ambalo hakuna aliyelitilia maanani. Merkle akapiga vizuri, akafika kituo cha kwanza, na mwenzake McCormick akafika cha tatu. Kisha Al Bridwell akaupiga mpira ukapita katikati ya uwanja. McCormick akakimbia nyumbani. Mashabiki wakajua wameshinda 2 kwa 1, wakaanza kumiminika uwanjani.

Merkle alikuwa anakimbilia kituo cha pili. Alipoona watu wanaingia, akageuka njiani, akakimbilia chumba cha wachezaji kama walivyofanya wachezaji wengi wa zama zile. Hakukifika kituo cha pili.

Johnny Evers wa Cubs alikuwa anaijua kanuni. Mpigaji amekwenda kituo cha kwanza, kwa hiyo Merkle alikuwa chini ya lazima, na lazima hiyo haikuisha kwa sababu watu wanashangilia. Akaita mpira. Yaliyofuata yanasimuliwa kwa namna nyingi: inasemwa mchezaji mmoja wa Giants aliung'amua mpango, akaunyakua mpira na kuutupa kwenye umati, na wako wanaosema mpira aliouleta Evers haukuwa ule uliopigwa. Kwa vyovyote Evers alisimama juu ya kituo cha pili na mpira mkononi. Mwamuzi aliyekuwa karibu na vituo, Bob Emslie, alisema hakuona. Mwamuzi mkuu, Hank O'Day, akaamua Merkle ametoka. Ni mtu wa tatu, tena ametoka kwa lazima, basi pointi ya McCormick imefutika. Umati ulikuwa umejaa uwanja, giza linaingia, mchezo haukuweza kuendelea. Sare.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye jambo la kufikiri. Kanuni ilikuwa imeandikwa wazi. Lakini desturi ilikuwa kinyume chake: mpigo wa ushindi ukishapita, wakimbiaji waliondoka zao na waamuzi hawakujali. Wiki tatu tu kabla ya hapo, Septemba 4, mjini Pittsburgh, Cubs hao hao walifungwa 1 kwa 0 katika hali hiyo hiyo, na mkimbiaji wa Pirates, Warren Gill, hakufika kituo cha pili. Evers alilalamika. Mwamuzi alikuwa huyu huyu O'Day, naye akasema hakuliona tukio, na malalamiko yakatupwa. Kwa hiyo ndani ya siku 19 kanuni moja ililala kwa Gill ikaamka kwa Merkle. Wanafunzi wetu wanaosoma fikihi watalitambua suala hili mara moja, la ada na matini, na kwamba ada haiifuti matini iliyo wazi. Hilo tunalikubali. Lakini pia mtu wa haki anauliza: je, aliyetangaziwa ni nani? Wachezaji wote walifundishwa na desturi, na kijana mmoja akalipishwa na maandishi. Sisi tunaona O'Day aliamua sawasawa siku ya Merkle, na kwamba udhaifu ulikuwa kuliacha jambo lile lipite kimya Septemba 4 bila kuzionya timu zote kwamba kuanzia leo kifungu hiki kitasimamiwa.

Rais wa ligi, Harry Pulliam, aliuunga mkono uamuzi. Msimu ulipokwisha, Giants na Cubs walikuwa sawa, kila mmoja ameshinda 98 na kushindwa 55. Ikabidi mechi ile irudiwe, Oktoba 8, na Cubs wakashinda 4 kwa 2. Wakaenda kuchukua ubingwa wa mwaka 1908, na ajabu ya dunia ni kwamba hawakuuchukua tena mpaka mwaka 2016. Pulliam alishambuliwa vikali, afya yake ikadhoofika, na Julai 1909 alijiua.

Na Merkle? Magazeti yalimpachika jina la bongo mfupa, likamganda. Kocha wake, John McGraw, hakumlaumu hata mara moja. Alimtetea na kumwongezea mshahara, akisema timu ilipoteza mechi nyingine za kutosha ambazo zingeweza kuwapa ubingwa. Merkle aliendelea kucheza miaka mingi, mchezaji mzuri kabisa, lakini popote alipokwenda watu walimkumbusha kituo cha pili. Alikaa miaka mingi bila kutaka kuonekana viwanjani. Mwaka 1950 alikubali kuja Polo Grounds kwenye siku ya wachezaji wa zamani, na umati ukampigia makofi. Alifariki mwaka 1956.

UPANDE WETU WA DUNIA

Katika Afrika Mashariki, Uganda ndiyo iliyokwenda mbali zaidi katika michezo hii. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda mashindano ya kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika yaliyofanyika Kutno, Poland, ikaishinda timu ya Saudi Arabia, na ikapata haki ya kwenda kwenye fainali za dunia za Little League huko Pennsylvania. Ilinyimwa viza kwa sababu ya mashaka juu ya hati za kuzaliwa, na Saudi Arabia ikaenda badala yake. Sisi wa mpakani tunaelewa maana ya kuwa na haki ya kusonga mbele na kukosa karatasi. Januari 2012 watoto wa timu ya Langley, Kanada, ambao walipangwa kukutana nao kule, walisafiri mpaka Uganda ili mechi ichezwe. Agosti mwaka huo huo watoto wa Lugazi wakafika Pennsylvania, timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali hizo, na kabla ya kurudi wakaifunga timu ya Oregon 3 kwa 2. Mwaka 2015 watoto wa Mpigi wakaifunga Jamhuri ya Dominika 4 kwa 1. Na mwaka 2022 klabu kubwa ya Los Angeles Dodgers ikawasajili Waganda wawili, Umar Male na Ben Serunkuma.

Tanzania mchezo uliota mizizi kuanzia mwaka 2012 katika shule ya sekondari ya Azania, Dar es Salaam, kwa juhudi za Mjapani Shinya Tomonari. Hapa Rwanda lipo shirikisho la besiboli na softiboli. Kwa wasichana softiboli ilikuwa mchezo wa Olimpiki kuanzia Atlanta 1996 hadi Beijing 2008, ikaondolewa, ikarudi Tokyo, na imo katika ratiba ya Los Angeles 2028.

Kwa familia isiyo na glavu wala gongo kuna mtoto mpya wa ukoo huu, Baseball5, uliozinduliwa mwaka 2018. Mpira ni wa raba, unapigwa kwa kiganja, wachezaji ni watano kila upande, na kituo hadi kituo ni mita 13. Mchezo huu uliingizwa katika michezo ya medali ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026. Kwa kuwa hakuna nafasi ya kukimbizana, watu wengi humo hutolewa kwa lazima, kwa hiyo anayetaka kuielewa kanuni hii haraka aanzie hapo.

KWA WATAKAOCHEZA

Mlinzi aliye na mpira anaweza kukigusa kituo kwa mguu au kwa kiungo chochote cha mwili, ilimradi mpira ameushika sawasawa. Mpira na mkimbiaji wakikaribiana sana, msigombane, mwamuzi yupo. Pale kituo cha kwanza ligi nyingi za burudani huweka kituo chenye sehemu mbili, nyeupe ya mlinzi na ya rangi ya chungwa ya mkimbiaji, ili wasikanyagane vifundo vya miguu. Na nyumbani, mahali ambapo zamani watu waligongana vifua, ligi nyingi za watu wazima wa mchezo wa taratibu huchora mstari: mkimbiaji akishauvuka harudi nyuma, na mlinzi anamtoa kwa kukanyaga tu, bila kumgusa. Ni wazo lile lile la Hoboken, sasa limefikishwa mpaka kituo cha mwisho. Mzazi anayechora uwanja wa watoto auweke mstari huo tangu siku ya kwanza.

Mwenye watoto wawili watatu anaweza kuwafundisha kwa mawe manne na chupa za maji badala ya wakimbiaji. Weka chupa kituo cha kwanza, muulize: mpira ukiviringika, nani hana hiari? Ongeza chupa cha tatu, uulize tena. Wakishazoea, wape hili ambalo liliwashinda baadhi ya wakubwa tuliowajaribu nalo. Mmoja ameshatoka. Wakimbiaji wako kituo cha kwanza na cha tatu. Mpigaji anaviringisha mpira kwa mlinzi wa kituo cha kwanza, naye anakikanyaga kituo chake, mpigaji ametoka, ndiye wa pili. Kisha anarusha kwa mwenzake wa kituo cha pili, ambaye anadaka na kukikanyaga kituo huku mkimbiaji akiwa bado hatua tano nyuma, na aliyekuwa cha tatu ameshafika nyumbani. Mlinzi anarusha mpira juu kwa furaha. Je, zamu imekwisha, na pointi ile ipo au haipo? Mnaojua, waacheni watoto wajibu kwanza.